Mungu Ndiye Atakayewalipa

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ipigwe marufuku katika vikao vyote vya wazee wa kanisa wa jiji hili, kuanzia Magogoni na Kivukoni hadi Kariakoo na huko kote pembezoni tunakotoka. Sentensi yenyewe ni hii: "Mungu ndiye atakayewalipa." Husemwa kwa sauti ya upole, mara nyingi na mtu aliyekwisha kufunga daftari lake, na ikishasemwa huwa hakuna la kuongeza, maana nani atabishana na malipo ya Mungu? Huambiwa walimu wa watoto. Sijapata kusikia akiambiwa fundi wa vipaza sauti. Yeye hulipwa siku hiyo hiyo, na chai juu.

Sina ugomvi na Mungu kulipa. Mimi mwenyewe namtegemea kwa mengi. Ugomvi wangu ni na wale wanaomfanya Mungu kuwa mhazini wa madeni ambayo wao hawataki hata kuyaangalia. Kwa maana mwalimu wa watoto anapofika mbele ya kikao, mara chache sana anaomba mshahara. Anaomba chaki na daftari la mahudhurio. Anaomba mtu mzima wa pili darasani. Anaomba kujua, akiamka na homa Jumapili ijayo, nani atasimama badala yake. Hayo hayahusiani kabisa na thawabu ya mbinguni. Ni mambo ya hapa duniani, yako ndani ya uwezo wa kikao kile kile, na kujibiwa kwa ahadi ya mbinguni ni njia ya heshima ya kumwambia binti wa watu aende zake.

Nimefundisha watoto siku za kazi kwa mshahara wa serikali mpaka nikastaafu, na nimewafundisha siku za Jumapili bila mshahara kwa miaka mingi vile vile. Kwa hiyo ninaposema kuwa kazi ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, naomba ndugu msomaji asidhani ninatia chumvi. Shuleni nilikuwa na mwalimu mkuu, mratibu, mkaguzi, kiongozi cha mwalimu, na wenzangu ofisini wa kulalamika nao. Kanisani nilikuwa na chumba cha jenereta.

Tuseme kwanza ni watu gani tunaowazungumzia. Watoto huiita sandeskuli, na mwalimu wake ni "mwalimu" tu, au "anti". Katika makanisa ya katikati ya jiji habari yake ina ugumu wake. Makanisa mawili ya zamani yanayoonekana kutoka bandarini, la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, yalijengwa wakati wa Wajerumani, mwishoni mwa miaka ya 1890 na mwanzoni mwa miaka ya 1900, mji ulipokuwa mdogo na mtu aliweza kutembea kwa miguu kutoka kwake hadi ibadani. Leo maeneo hayo yamezungukwa na mabenki na ofisi, na kule Kariakoo nyumba za vyumba sita zenye ua katikati zimebomolewa, zikaota maghorofa ya maduka. Waumini wamehamia Mbagala, Kimara, Tabata, Gongo la Mboto, Kigamboni, lakini wengi wanaendelea kusali mjini, kwa sababu ndiko walikobatizwa au ndiko kwaya iliko. Watoto wanafuata wazazi. Na mwalimu wa watoto anafuata watoto.

Mtazame huyo mwalimu. Mara nyingi ni msichana aliyemaliza kidato cha nne na anangoja asichokijua. Au ni muuza duka wa Mtaa wa Kongo, ambaye siku sita amesimama kutwa kwenye mlango wa duka la mtu mwingine akiita wateja, na hiyo ya saba anasimama tena. Au ni mfanyakazi wa ndani aliyeombewa ruhusa. Wapo mama wachache na wanaume wachache zaidi. Yule wa Kigamboni anaamka gizani, anapanga foleni ya pantoni akiwa na mfuko wa picha alizochora mwenyewe nyuma ya kalenda za mwaka jana, anashukia Magogoni, anapita soko la samaki la Feri wakati minada imepamba moto, na ikifika saa moja na nusu anatakiwa awe mbele ya watoto sitini wa umri wa miaka mitatu hadi kumi na miwili, peke yake, mwenye uso wa furaha. Anarudi kwao saa nane mchana. Hajala.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunaoketi kwenye viti vya mbele, tukisikia kwa mbali sauti za watoto wakiimba uani, tunasema, "Wanapendeza!" Sufi kweli kweli.

Nikisema hivi huwa najibiwa kwamba kazi ya kujitolea ndivyo ilivyo, na kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo kama wa zamani. Hapa ndipo nataka tukumbushane, maana neno hili "kujitolea" halikuanzia kanisani, na sisi Watanzania tuliokula chumvi nyingi tunajua lilivyotumika.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika; kufikia mwaka 1986 waliobaki hivyo walihesabiwa kuwa kama mmoja katika kila kumi. Nani walifundisha? Walimu wa shule, ndiyo, lakini pia maelfu kwa maelfu ya watu wa kujitolea: waliomaliza darasa la saba, makarani, wakulima waliojua kusoma. Na watu hao hawakuachwa na neno la upole tu. Walipewa mafunzo mafupi, walipewa vitabu, walikuwa na waratibu wa kuwatembelea, na walipewa posho ndogo, shilingi kama 30 kwa mwezi. Hakuna aliyetajirika kwa shilingi 30. Lakini mtu alijua kwamba yupo mahali fulani aliyeandika jina lake.

Halafu mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wengi wenu mnaikumbuka: vikundi vilikaa chini ya miembe, redio katikati, na baada ya kipindi wanakikundi wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Wanakikundi walikuwa wapatao milioni 2. Ili milioni 2 wakae na kujifunza, walitayarishwa kwanza viongozi wa vikundi wapatao 75,000, kwa ngazi: wa taifa wakawafunza wa mikoa na wilaya, hao wakawafunza wa chini yao, mpaka kikafikiwa kikundi cha mwisho kijijini. Kiongozi hakuhitaji kuwa msomi. Alihitaji siku chache za mafunzo, kitabu cha kikundi na maelekezo mkononi, kipindi kinachotangazwa saa ile ile kila wiki, na mtu wa kumwendea akikwama. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa kiini cha kazi ile, iko hapa hapa mjini. Wazee wa kanisa wengi hupita mbele yake kwa gari wakienda kwenye kikao cha kulalamikia ukosefu wa moyo.

Kwa hiyo nchi yetu, tena ikiwa maskini kuliko leo, ilijua kwamba mtu wa kujitolea anahitaji kuandaliwa, kupewa vifaa na kutembelewa. Nani alitufundisha baadaye kwamba kujitolea maana yake ni kuachwa? Sidhani kama ni ujamaa. Nashuku ni ubahili tu, uliovalishwa kanzu.

Najua pingamizi moja ambalo ni la kweli, na sitalipuuza. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Mama, ukianza kuwapa nauli, watakuja kwa ajili ya nauli." Ana haki ya kuogopa. Tumeona semina ambazo watu hawaji mpaka waulize posho, na tumeona vikundi vya kanisa vikivunjika kwa sababu ya bahasha. Lakini nauli ni gharama ya kazi, si zawadi, na konda wa daladala hajui maneno "ninajitolea." Anayejitolea ametoa muda wake na nguvu zake, hakuahidi kutoa na pesa ya kulisha wadogo zake. Tukimwachia na hilo, tunachofanya ni kuchagua walimu kwa kipimo cha mfuko: yule anayeweza kumudu nauli anabaki, yule mwenye karama asiye na nauli anatoweka kimya kimya, na sisi tunasema moyo wake umepoa.

Na wanaodhani kwamba tangu mwanzo kazi hii ilikuwa ya bure kabisa, waulize habari za Robert Raikes. Alikuwa mwenye gazeti katika mji wa Gloucester, Uingereza, na mwaka 1780 alianza kukusanya watoto waliofanya kazi viwandani siku sita na kuzurura mitaani siku ya saba, ili wafundishwe kusoma na dini. Yeye ndiye anayetajwa zaidi kila inaposimuliwa historia ya Shule ya Jumapili. Wanawake aliowaweka wafundishe, Raikes aliwalipa: shilingi moja ya Kiingereza kila Jumapili. Desturi ya walimu wasiolipwa ilienea baadaye. Sisemi turudi kwa Raikes. Nasema tu kwamba anayejenga hoja yake juu ya mapokeo, ayajue mapokeo yenyewe. (Na watoto wa Raikes bado tunao. Pita Kariakoo Jumapili asubuhi, maana soko halilali kabisa siku hizi, uone watoto wanaouza mifuko na maji. Hao hawaji sandeskuli. Angekuwepo wa kuwafuata, angekuwa ni mwalimu yule yule asiye na nauli.)

Lakini nauli ndiyo sehemu ndogo ya hoja yangu, na nisingeandika kurasa hizi kwa ajili yake. Iko sehemu nyingine nzito zaidi, nami nitaisimulia bila kutaja kanisa, wala dhehebu, wala mtaa.

Mwalimu mmoja wa watoto, binti wa miaka kumi na tisa, aliona kwamba mtoto mmoja wa kike wa darasa lake, wa miaka tisa hivi, ameanza kuchelewa kuondoka. Ibada imekwisha, wenzake wanakimbilia wazazi, yeye anabaki anapanga mabenchi. Jumapili ya tatu mtoto akamwambia kwa nini hataki kurudi nyumbani. Jambo lenyewe lilimhusu mtu mzima wa nyumba ile, na ni jambo ambalo mtoto hapaswi hata kulijua, sembuse kufanyiwa.

Sasa, ndugu msomaji, binti huyu amwendee nani? Alikwenda kwa mzee aliyetajwa kwenye karatasi kuwa msimamizi wa idara ya watoto. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti yangu, watoto wazima?" Akaeleza. Mzee akashtuka, akasikitika kwa dhati, akasema jambo hili ni zito, tuliweke katika maombi, na kwamba baba wa nyumba ile ni mtu wa michango mikubwa, hivyo lingojee kikao. Kikao kilikuwa baada ya majuma matatu. Majuma matatu binti alilala na siri ile. Kisha akaenda peke yake ofisi ya serikali ya mtaa, na kutoka hapo polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto akahamishiwa kwa shangazi yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Haisemi angoje kikao. Binti huyo alitimiza sheria bila kujua kwamba ipo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumketisha yeye na wenzake wakaambiwa: likitokea hili, nenda hapa, mpigie huyu, usimuulize mtoto maswali mengi, usiahidi kutunza siri, na sisi tutakuwa pamoja nawe. Maneno ya nusu saa. Katika miaka yake miwili ya kufundisha, kanisa halikupata nusu saa.

Na baada ya hapo? Familia ile ilimnunia. Wengine wakasema ameliaibisha kanisa. Akaacha kufundisha. Hakuna aliyemfuata kumuuliza kwa nini. Jumapili iliyofuata ile aliyoacha, yalisomwa matangazo: wanahitajika wenye moyo wa kujitolea kufundisha watoto. Nilikuwepo, niliyasikia, na ndiyo Jumapili niliyoanza kuichukia ile sentensi niliyoitaja mwanzoni.

Tuna viongozi wa walimu wa watoto, ndiyo. Lakini mara nyingi ni viongozi wa siku ya sherehe. Wenzetu Walutheri wana desturi nzuri sana, Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ambayo huangukia tarehe 29 Septemba au Jumapili iliyo karibu nayo, na siku hiyo watoto huongoza ibada wenyewe: wanasoma masomo, wanaimba, wanapokea sadaka. Wakatoliki wana Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa na Askofu Forbin-Janson wa Ufaransa mwaka 1843, na watoto wake huvaa sare wakapendeza. Mahali pengine ni sikukuu ya Krismasi na igizo la hori. Siku hizo sizisemi vibaya hata kidogo. Ninayemsema ni kiongozi anayeonekana majuma mawili kabla ya siku hiyo, anauliza kwa ukali kwa nini watoto hawajakariri, anasimama mbele siku yenyewe akishukuru "kamati yangu," kisha anapotea kama mwezi mchanga mpaka mwaka ujao.

Napenda lile neno la Wakatoliki: wanamwita mwalimu huyu mlezi. Basi na mlezi naye alelewe. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamkanya kwamba atachoka yeye na watu pia. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, na wa makumi. Wahubiri wetu huipenda sura hii wakizungumzia madaraka, na macho yao hukaa kwa wale wa maelfu. Mimi macho yangu hukaa kwa yule wa makumi. Mkuu wa watu kumi ni mtu anayeweza kuwajua wote kwa majina, akajua nani ana mgonjwa nyumbani, nani amefiwa, nani hajaonekana Jumapili mbili. Walimu sita wa watoto wanahitaji mtu mmoja wa namna hiyo. Asiwe mhubiri mkubwa. Awe na simu inayopokelewa, awe na mamlaka ya kusema "pumzika Jumapili mbili, nitasimama mimi," na awe anaingia darasani mara moja kwa mwezi, aketi nyuma kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu, aone.

Kuhusu semina sitasema sana. Semina moja kwa mwaka, mtoa mada kutoka nje, soda, cheti, picha ya pamoja. Afadhali saa moja kila mwezi ya walimu wenyewe kwa wenyewe, mmoja aeleze hadithi gani iliwashika watoto na ipi iliwalaza.

Tena tuna mfano karibu kuliko Gloucester. Kariakoo ni mji wa misikiti na vyuo vya Kurani, na mtoto wa jirani anakwenda madrasa baada ya shule. Wazazi wanachanga ada ndogo, wanamjua ustadhi kwa jina, wanamsalimia njiani, na mtoto akifanya vibaya wanakwenda kumuuliza. Sisi, hebu mwulize mzazi anayetoka ibadani na mtoto wake mkononi: mwalimu wake anaitwa nani? Nimewahi kuuliza. Wengi walitazamana.

Nakuja kwenye pesa, kwa sababu kikao lazima kitauliza zitoke wapi. Tuseme walimu ni sita, na tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,500 kwa kila mmoja. Ni 9,000 kwa Jumapili. Kwa Jumapili 52 ni 468,000 kwa mwaka. Kanisa lililochangisha kinanda kipya na maspika manne kwa harambee ya mchana mmoja haliwezi kusema hizi hazipo.

Lakini kabla hata ya harambee, iko fedha nyingine. Watoto wanatoa sadaka. Kila Jumapili wanakuja na sarafu za hamsini, za mia, za mia mbili, zilizoloa jasho la viganja, nao huziimbia wimbo wakiziweka kikapuni. Kikapu hicho huchukuliwa na kumwagwa ndani ya kile kikubwa, na hapo historia yake inakwisha. Naomba katika bajeti ijayo kikapu cha watoto kihesabiwe peke yake, kiandikwe mstari wake, na mwalimu wao aonyeshwe ule mstari. Anunue chaki kwa sarafu hizo, na dawa ya kwanza ya mtoto aliyeanguka, na chapati moja ya yule aliyetoka Kigamboni bila kula. Mhazini akisema hesabu hiyo ni usumbufu, mimi nimestaafu, nina muda, nitakuja kuzihesabu mwenyewe.